Unasoma Uskoti? Usiishie Maktaba na Boksi

Wengi wetu tunamaliza shahada ya uzamili Edinburgh tukiwa tunajua njia mbili tu: ya chumbani kwenda maktaba, na ya maktaba kwenda kubeba boksi, yaani vibarua. Ukiuliza kulikoni, jibu ni kwamba kutembea ni kwa wenye hela. Sikubaliani. Uskoti mlima hauna kiingilio. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu karibu popote, hata kwenye mashamba ya matajiri, mradi asiharibu kitu na geti alilolikuta limefungwa alifunge. Mimi ni mtoto wa Moshi. Nimekua naitazama Kibo kila kulipokucha, na ada za hifadhi zikanibakiza chini. Ilinichukua muda kuamini kwamba huku hakuna askari atakayetokea kichakani kudai risiti.

Halafu jiandae: ukitaja Tanzania tu, utaulizwa kama umepanda Kilimanjaro. Mimi hujibu kuwa nimeupanda kwa macho.

Anza na cha karibu. Arthur's Seat ni mabaki ya volkano yaliyo ndani ya jiji lenyewe, mita 251. Unapanda baada ya kipindi na unawahi kurudi kupika. Ukikizoea, nenda Pentland Hills, ambako basi la mjini linakushusha karibu na njia. Scald Law, kilele cha juu kabisa cha huko, ni mita 579, na upepo wake utakuambia kama ulichovaa ni koti au pambo.

Ben Nevis ndio mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapoleta dharau, maana Nairobi yenyewe inakaribia mita 1,800. Hesabu hiyo haikusaidii kitu. Nairobi ulifika umekaa kwenye basi; Ben Nevis njia inaanzia karibu na usawa wa bahari, na mita karibu zote unazipanda kwa magoti yako siku hiyohiyo. Tulipokwenda na klabu ya chuo ilikuwa mwezi wa sita, na chini bondeni Glen Nevis watu walikuwa na fulana. Kileleni kulikuwa na ukungu mzito, mabaka ya theluji, na magofu ya kituo cha hali ya hewa kilichofanya kazi tangu 1883 hadi 1904. Vidole vyangu viligoma kufungua chupa ya chai ya tangawizi, mwenzangu akanifungulia. Chapati nilizobeba zilikuwa zimekakamaa kama soli, na tulizigombea.

Kwa hiyo jinzi iache nyumbani. Ikilowa haikauki, na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Unahitaji koti lisilopitisha maji, sweta la sufu au la nailoni, na buti zenye meno. Usikimbilie duka la vifaa vya milimani, bei zake zitakukatisha tamaa; pitia maduka ya hisani, yaani mitumba yao, au azima kwenye klabu ya chuo. Klabu ina faida nyingine: usafiri wa kuchangia, na watu wanaojua kusoma ramani ukungu ukishuka. Peke yako usiende, hasa mwanzoni.

Angalia saa pia. Sisi tumezoea jua linalotua saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima. Edinburgh mwezi wa Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi wa Juni saa nne usiku bado kuna mwanga. Safari ndefu ziweke Mei au Juni. Kuanzia hapo hadi Septemba, upande wa magharibi una usubi wa kuuma, na hawachagui rangi.

Siku ya mvua kubwa baki mjini. Makumbusho ya Taifa, Chambers Street, ni bure. Ukipita Princes Street utakuta sanamu ya Livingstone. Mimi nikifika pale huwawaza watumishi wake, Chuma na Susi, walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Nauli isikutishe. Kama hujafikisha miaka 22 na unaishi Uskoti, omba kadi ya vijana ya kupandia mabasi bure. Ukiwa umezidi, kadi ya reli ya vijana inapunguza theluthi ya nauli, na mwanafunzi wa muda wote anaipata hata akiwa na zaidi ya miaka 25.

Kabla ya kutoka, soma utabiri wa milimani, usiishie kwenye ule wa mjini, na mwachie mtu ujumbe unapita wapi na utarudi saa ngapi. Tuma pia neno "register" kwenda 999, namba ya dharura, ungali na mtandao, ili simu ikishindwa kupiga uweze kuomba msaada kwa ujumbe. Ukipatwa na shida, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea na hawatozi hata senti.