Pakingi ya kanisa: pevingi peke yake hainywi maji

Swali: Mhandisi, kanisa letu liko mteremkoni, Dar es Salaam. Tunataka kusakafia pakingi ya mita za mraba 600. Jirani wa chini analalamika kwamba kila masika maji yetu yanaingia kwake. Fundi anasema tukiacha lami tukaweka pevingi, yaani tofali za kusakafia, maji yatazama yenyewe. Ni kweli?

Jibu: Nusu kweli. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 basi inawamwagia lita 30,000, na lami itampelekea jirani karibu zote. Pevingi za kawaida nazo hazina nafuu kubwa. Mwangalieni fundi akiwa kazini: anamwaga moramu, anaishindilia mpaka inakuwa ngumu kama sakafu, anatandaza vumbi la kokoto, anapanga tofali zikibanana, kisha anafagilia mchanga laini kwenye nafasi. Maji yapite wapi?

Abadilishe vya chini. Aweke kokoto safi isiyo na vumbi, unene wa sentimita 30. Karibu theluthi ya ujazo wake ni uwazi, hivyo itabeba kama lita 60,000 huku ardhi ikiyanywa taratibu. Nafasi za tofali zijazwe kokoto ndogondogo. Na kwa kuwa mko mteremkoni, ikateni kokoto hiyo kwa vizuizi vya zege vilivyofukiwa, la sivyo maji yatapita chini kwa chini yaibukie kwa jirani yuleyule.

Kabla ya kununua chochote, chimbeni shimo la sentimita 60, lijazeni maji, yakiisha mjaze tena. Yakikutwa yamesimama kesho yake, huo ni udongo wa mfinyanzi: lazeni bomba lenye matundu chini ya kokoto, liyatoe kidogokidogo hadi mtaroni. Kaeni mbali na msingi wa jengo na shimo la choo.

Ingekuwa kazi yangu, pevingi ningeweka kwenye njia ya magari tu. Sehemu za kuegesha ningeweka tofali za matundu, zipandwe nyasi. Ofisini nyasi hizo hufa kwa kufunikwa na magari kutwa. Kwenu zina siku sita za jua. Kivuli pandeni mwarobaini. Mkungu unapendeza, ila majani yake mapana yatawachosha kufagia.

Na mlinzi asiruhusu vijana kuosha magari hapo. Oili nayo itazama.