Wimbi langu kubwa ni la Durban, na nililipima kwa muundi wa mguu

Swali ni jepesi: wimbi kubwa kuliko yote uliyowahi kupanda na ubao lilikuwa na ukubwa gani, na wapi? Waliotangulia wametaja mita 4 za Watamu, mita 6 za Diani, na mmoja amesema "kama ghorofa mbili". Nami ninalo jibu, ila naomba nieleze kwanza nilivyolipata, kwa sababu kwa miaka 2 mizima wimbi hilohilo nililitaja kuwa la mita 5, tena kwa kuapa.

Mimi ni mtu wa Malindi. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba: wimbi linavunjikia huko nje, ndani maji yanabaki yametulia. Ghuba ya Malindi haina kinga hiyo. Mto Sabaki unamwaga maji matamu na tope hapo jirani, matumbawe hayawezi kuishi ndani ya tope, kwa hiyo mwamba umekatika na wimbi la kusi linaingia moja kwa moja mpaka mchangani. Ndiyo maana tulipokuwa watoto tulikuwa tunapanda mawimbi kwa vipande vya mbao za masanduku, miaka mingi kabla hatujashika ubao wa dukani. Julai na Agosti, kusi likiwa limekaza, tulikuwa tunaingia alfajiri upepo haujaamka vizuri, tunakanyaga mwani uliorundikana ufukweni usiku kucha. Wimbi kubwa nililowahi kupanda pale, nikisimama kwenye mguu wake, yaani chini kabisa linapoanzia, kichwa chake kilikuwa sawa na utosi wangu. Weka mita 1.8. Na ilikuwa siku ya kusimuliwa.

Kisha nikapata kazi ya kuchomelea vyuma bandarini Durban. Nilijiona mzoefu. Asubuhi ya kwanza ya mawimbi makubwa, mwezi wa Julai, nilisimama juu ya gati na kuyatazama, nikajiambia mbona haya hayapiti sana yale ya kwetu. Kilichonishangaza ni ukimya. Kule nyumbani wimbi linakuja juu ya wimbi, huna nafasi ya kumeza mate. Pale bahari ilitulia, ikatulia tena, mpaka nikadhani imekwisha. Halafu mistari minne au mitano ikatokea mbali, imenyooka kama imechorwa kwa rula, na upepo wa nchi kavu unapeperusha rasharasha nyuma ya vichwa vyake. Nilihesabu kutoka wimbi hadi wimbi: sekunde 15. Malindi huwa nahesabu 7, siku nzuri 8.

Hapo ndipo penye jambo zima, na sijaona aliyeligusa. Wimbi la sekunde 7 limezaliwa na upepo wa karibu. Kwenye kilindi linakimbia kama kilomita 39 kwa saa, na linaanza kuigusa sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 38 hivi. La sekunde 15 limezaliwa na dhoruba za mbali, huko kusini kabisa kuelekea Antaktika. Linakimbia kilomita 84 kwa saa, na nguvu yake imeshuka chini kiasi kwamba linaigusa sakafu likiwa bado kwenye mita 175. Likifika penye kina kifupi linapunguza mwendo, na nguvu yote ile haina pa kwenda ila juu. Linaumuka. Yale mawili yanaweza kuwa na urefu sawa yakiwa baharini, lakini yakifika ufukweni moja linakusukuma, jingine linakubeba na kukupigiza. Kwa hiyo mtu akinitajia mita, namuuliza na sekunde.

Basi, nikaingia. Maji ya Durban mwezi huo ni baridi kuliko yetu, kidole cha mguu kinakufa ganzi. (Watu huniuliza kuhusu papa: fukwe za Durban zina nyavu tangu 1952, lakini bado unawafikiria ukiwa umekaa juu ya ubao miguu inaning'inia.) Wimbi la tatu la kundi ndilo nililolifuata. Nikapiga makasia ya mikono, nikahisi mkia wa ubao unainuliwa, nikatazama chini. Hapo ndipo zilipotoka zile mita 5. Ukiwa umelala kifudifudi jicho lako liko juu ya maji kwa kiasi cha kiganja, na bonde la wimbi linafunguka mbele yako kama umechungulia kisima. Nilisimama, nikateremka, nikakata kulia, na kwa pumzi tatu nne nilikuwa na ukuta wa kijani begani. Sijawahi kuhisi kitu kama kile, na ninaandika haya leo bado nakihisi kwenye magoti.

Halafu likanifungia. Kamba ya mguu, ile inayokuunganisha na ubao, ilivutwa kwa nguvu hadi nikadhani nyonga imetoka. Nilifumbua macho nikaona kahawia tupu, sikujua juu ni wapi, masikio yanalia, mchanga unasagika kwenye meno. Kilichoniokoa ni neno aliloniambia mzee mmoja wa palepale wiki moja kabla: ukipotea chini, shika kamba ya mguuni uifuate kwa mikono kama unavyopanda mnazi, kwa sababu ubao siku zote uko juu. Niliifuata. Nikatoa kichwa, nikavuta pumzi nusu, la pili likaniangukia. Niliifuata tena.

Jamaa mmoja aliyekuwa anavua kwa mshipi juu ya gati alinipiga picha kwa simu yake, kutoka ubavuni kabisa, nimechutama katikati ya wimbi. Niliichapisha nikaitundika chumbani, na chini yake nikaandika "mita 5".

Iliyonifungua macho ni habari ya Sebastian Steudtner, yule Mjerumani aliyepanda wimbi Nazaré, Ureno, tarehe 29 Oktoba 2020. Mwaka 2022 lilithibitishwa kuwa mita 26.21, rekodi ya dunia. Iliyotangulia ilikuwa mita 24.38 za Rodrigo Koxa wa Brazili, mwaka 2017. Nilitaka kujua wanapimaje kitu kinachodumu sekunde chache na kuyeyuka. Kumbe walichukua picha, na rula yao ikawa mguu wake mwenyewe, kutoka kisigino hadi goti. Mtu akichutama, mgongo unapinda na mikono inatawanyika, lakini muundi haupindi. Ukiujua urefu wake halisi, unahesabu ni miundi mingapi inaingia kati ya kichwa cha wimbi na mguu wa wimbi.

Nikaitungua picha yangu ukutani. Muundi wangu ni sentimita 50, niliupima kwa futi ya fundi. Kwenye picha ulikuwa milimita 8. Wimbi, kutoka kichwani hadi mguuni, milimita 54. Gawanya, zidisha: mita 3 na sentimita 37. Nilirudia mara nne, nikabadilisha hata rula. Nikafuta ile "5" kwa wembe.

Kwa hiyo ndugu wa Diani, sikuiti mwongo hata kidogo. Nimekaa kwenye jicho lilelile ulilokaa wewe. Lakini Diani ina mwamba, na wimbi la mita 6 haliwezi kuupita likabaki na mita 6, hata bamvua likiwa limejaa pomoni. Kama unayo picha iliyopigwa kutoka ubavuni, na mguu wa wimbi unaonekana vizuri, pima muundi. Picha iliyopigwa kutoka mbele au kutoka juu haifai, itakudanganya. Na ukimsikia mtu wa Hawaii anasema futi 6, usimdharau: kule kuna desturi ya kutaja kama nusu ya uso wa wimbi, kwa hiyo la kwangu la futi 11 wao wangeliita 5 au 6.

Mjomba wangu, ambaye maisha yake yote yalikuwa mashua na mishipi, alikuwa na kipimo chake bila rula. Akirudi siku ya bahari chafu alikuwa anasema, "Leo nimepoteza tanga la mwenzangu," yaani mashua ilikuwa jirani na bado tanga lilizama lote nyuma ya maji. Kwake hayo yalitosha, na sijawahi kumsikia akitaja mita.

Kuhusu aliyeuliza kama mtu wa huku anaweza kwenda kujaribu Nazaré: pale chini kuna korongo la baharini lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, na mwisho wake kina kinakaribia mita 5,000. Sehemu ya wimbi inayopita juu ya korongo haipunguzi mwendo, ya pembeni inapunguza, kisha zinapindana na kukutana mbele ya ufukwe, moja inapanda juu ya mgongo wa nyingine. Kwa mawimbi yale huwezi kupiga mikono ukayawahi, unavutwa na jetski, ile pikipiki ya majini, na jetski hiyohiyo ndiyo inayokuja kukuchukua. Maya Gabeira, mwanamke wa Brazili anayepanda mawimbi makubwa, alitolewa pale mwaka 2013 hana fahamu, akafufuliwa mchangani. Alirudi, na mwaka 2020 akapanda la mita 22.4, rekodi ya wanawake. Januari 2023 Márcio Freire, mtu aliyekuwa na miongo ya uzoefu wa mawimbi makubwa, alifia palepale. Mimi sekunde zangu chache chini ya wimbi la mita 3 na ushei zilinitosha kujua sitaenda.

Jibu langu basi: Malindi mita 1.8, sekunde 8. Durban mita 3.37, sekunde 15. Julai nitakuwa Malindi nikijaaliwa. Mwenye ubao na anayetaka kupigwa picha ya ubavuni aje alfajiri kabla kusi halijashika, na aje amepima muundi wake.