Utitiri kwenye mipapai: geuza jani kabla ya kushika pampu

Ukiona majani ya mpapai yamepauka, usikimbilie mfuko wa mbolea. Geuza jani. Utitiri hukaa upande wa chini, kando ya mishipa, na hata aliyekomaa hafiki milimita moja, kwa hiyo beba lenzi ya kukuza mara 10. Huna lenzi? Gongagonga jani juu ya karatasi nyeupe, ungoje kidogo. Vumbi litatulia, utitiri watatembea.

Utitiri hatafuni jani. Anadunga seli moja moja kwa mdomo mwembamba kama sindano, anafyonza kilichomo pamoja na ule ukijani wenyewe. Seli hubaki tupu, na ukitazama kwa juu unaona kidoa cheupe kidogo sana. Vidoa vikiungana, jani hugeuka kijivu, kisha rangi ya shaba, linakauka na kudondoka. Mti uliopukutika hivyo huzaa matunda madogo, na yaliyoachwa wazi huungua na jua. Upungufu wa magnesi hauko hivyo: manjano yake hutokea kati ya mishipa ya majani ya zamani, bila vidoa wala utando kama wa buibui ambao utitiri hufuma.

Huku Nakuru, hasa upande wa Rongai na Solai, Januari hadi Machi ndio msimu wao. Joto likikaribia nyuzi 30, yai huwa utitiri kamili kwa wiki moja hadi siku 10. Anzia ukaguzi kwenye miti iliyo kando ya barabara ya murram. Penye vumbi ndipo huongezeka haraka.

Kosa la gharama kubwa ni kupiga dawa yoyote ya wadudu iliyoko stoo, hasa za kundi la pairethroidi. Utitiri si mdudu. Ana miguu 8, ni jamaa ya buibui. Dawa hizo huwamaliza wale wanaomla, naye anabaki na shamba lake. Tafuta dawa ambayo lebo yake inataja utitiri na zao lako. Nozeli ielekee juu, upande wa chini wa jani ulowe. Dawa nyingi haziui mayai, ndiyo maana lebo huagiza kurudia. Ukishatumia abamektini, mojawapo ya dawa za utitiri, awamu ijayo badilisha kundi la dawa, la sivyo watazoea. Salfa iache siku za joto kali, huunguza majani.

Jani lililofyonzwa halirudi kijani hata utitiri wote wakifa, na wengi hupiga dawa tena bure kwa sababu hiyo. Rudi na karatasi yako uone kama bado wanatembea, kisha tazama kama majani machanga yanatoka bila vidoa.