Kabla ya Hesabu, Uandike Mchezo: Kwa Wanaoanza Nadharia ya Michezo

Nadharia ya michezo huchunguza maamuzi ya watu ambao kile anachopata kila mmoja kinategemea pia waamuavyo wenzake; hali ya namna hiyo ndiyo tunayoiita mchezo. Wanafunzi wa uchumi ninaowasaidia hapa Tanga hufika wakiwa na haraka ya kutafuta msawazo wa Nash, yaani hali ambayo hakuna anayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake, kabla hawajasema mchezo wenyewe ni upi. Kwa muda niliolishughulikia somo hili nimeridhika kwamba sehemu yake ngumu hutangulia hesabu: kuandika wachezaji ni akina nani, kila mmoja anaweza kuamua nini, anajua nini wakati wa kuamua, na atapata nini kwa kila mchanganyiko wa maamuzi. Ukikosea hapo, jedwali la matokeo hayo litakupa jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Tuchukue wenye vyombo wawili wanaovua kwenye mwamba mmoja. Kila mmoja ama anatega madema, yaani mitego ya kusukwa, ama anavuta juya, wavu wa kukokota ambalo sheria inalikataza kwa sababu linazoa hata samaki wachanga na kuvunja matumbawe. Tuseme, kwa ajili ya zoezi tu, kwamba wote wakitega madema kila mmoja anapata shilingi 60,000 kwa wiki; mmoja akivuta juya peke yake anapata 80,000 na mwenzake anabaki na 20,000; wote wakivuta juya, kila mmoja anaambulia 30,000.

Fuata hoja taratibu. Mwenzako akitega madema, juya linakupa 80,000 badala ya 60,000. Mwenzako akivuta juya, kuvuta nawe kunakupa 30,000 badala ya 20,000. Lolote afanyalo, juya lina faida zaidi kwako, na mkakati wa namna hiyo huitwa mkakati tawala. Naye akipiga hesabu ileile, mnaishia wote kwenye 30,000 ilhali 60,000 ilikuwepo. Huu ndio mtanziko wa mfungwa, mchezo ambao Merrill Flood na Melvin Dresher waliufanyia majaribio mwaka 1950 katika taasisi ya RAND huko Marekani, na Albert Tucker akauvika kisa cha wafungwa wawili.

Hapa ndipo wageni wa somo hujikwaa. Msawazo ni hali ambayo hakuna mchezaji anayeweza kujiongezea chochote kwa kubadili uamuzi wake peke yake, wengine wakibaki walivyo. Haumaanishi kwamba hali hiyo ni njema, wala kwamba walioifikia ni wajinga au waovu, na mimi humsahihisha mara moja mwanafunzi anayeanza kuwahukumu wavuvi kabla ya kulisoma jedwali. John Nash, ambaye mwaka 1994 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten, alithibitisha mwaka 1950 kwamba kila mchezo wenye idadi yenye kikomo ya wachezaji na mikakati una angalau msawazo mmoja, mradi turuhusu mchezaji kuchanganya mikakati kwa kubahatisha, kama apigavyo penalti mshambuliaji katika uwanja wa mpira wa Mkwakwani hapa Tanga asiyetaka kipa amzoee. Hakuahidi kwamba msawazo huo utatupendeza.

Swali la pili ni kama wachezaji watakutana tena. Wenyeji wawili wakikubaliana kutega madema, na kila mmoja akijua kwamba usaliti wa leo utafuatwa na juya la mwenzake wiki zote zijazo, basi msaliti anaongeza 20,000 mara moja na kupoteza 30,000 kila wiki baadaye. Ukikokotoa, makubaliano yanasimama iwapo shilingi ya wiki ijayo ina thamani machoni pake isiyopungua senti 40 za leo. Ila mvuvi wa dago, anayepiga kambi kwa msimu na kuhamia pwani nyingine, hana wiki nyingi zijazo za kupoteza hapa, kwa hiyo ahadi ileile inayomfunga mwenyeji haimfungi yeye. Tofauti hiyo haitokani na tabia zao, bali na urefu wa mchezo. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya nchi nyingi kwamba jamii zinazotunza rasilimali ya pamoja huamua kwanza nani ana haki ya kuitumia, kisha huchungana na kuadhibu hatua kwa hatua. Vijiji vya pwani ya Tanga vilivyofunga baadhi ya miamba yao kwa makubaliano vinafaa kusomwa kwa jicho hilo.

Mwisho, faini. Wengi huandika tu kwamba serikali iongeze adhabu, kisha wakaweka nukta. Tuseme faini ni 50,000 na mvuta juya hukamatwa wiki moja kati ya mbili: hasara anayoitarajia ni 25,000, nayo inatosha kuyafanya madema kuwa mkakati tawala. Ishushe faini hadi 30,000, na hasara inakuwa 15,000. Sasa anayemwona mwenzake akitega madema bado anafaidika na juya, kwa kuwa anabakiwa na 65,000, lakini anayemwona mwenzake akivuta juya ni heri atege madema, apate 20,000 badala ya 15,000. Ukiacha kubahatisha, misawazo inakuwa miwili, na katika kila msawazo yupo anayevunja sheria na anayeitii kwa hasara. Kwa hiyo unapopendekeza faini katika kazi yako, andika pia uwezekano wa kukamatwa, kisha ukokotoe upya visanduku vyote vinne vya jedwali.