Winelight ya Grover Washington Jr.: anza na besi, mdomo wa bata utakuja wenyewe

Mkuu, umesema uliisikiliza Winelight, albamu ya jazz ya Grover, Mmarekani mpiga mdomo wa bata, yaani saksafoni, mara moja ukaona ni muziki wa mapokezi ya hoteli, sasa unauliza watu wanaisifia nini. Nakuelewa kabisa. Mimi niliishi na albamu hii miaka mingi bila kuisikia.

Nyumbani Temeke tulikuwa na kaseti yake. Mzee alirekodiwa kaseti hiyo kwenye kibanda kimoja Kariakoo, mkanda ukaisha katikati ya wimbo wa mwisho, na aliyerekodi hakusema kitu. Hatukujali, maana tulikuwa tunapeleka mbele moja kwa moja hadi Just the Two of Us, Bill Withers aimbe, basi. Baada ya hapo mzee anaweka Sikinde, bendi yetu ya dansi.

Na nadhani Sikinde ndiyo iliyonichelewesha. Sisi tuliokulia kwenye dansi tunaujua mdomo wa bata unaoingia pamoja na tarumbeta kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, waliokaa wote wanasimama. Sikio linakaa linangoja kipande hicho. Kwenye Winelight hakiji. Ukikingoja, dakika ya tatu umeshachoka.

Kilichonifungua ni pantoni. Nilikuwa nafanya zamu za usiku, narudi Kigamboni alfajiri, siku moja nikaiweka masikioni kuanzia mwanzo kwa sababu tu sikuwa na nguvu ya kuchagua. Nikasikia besi. Huyo ni Marcus Miller, alizaliwa 1959 na albamu ilirekodiwa New York mwaka 1980, kwa hiyo ni kijana wa miaka 21 hivi! Kwenye wimbo wa kwanza anazunguka na kipande kilekile, lakini mfuatilie: mara anadokoa noti ya juu, mara anaacha pengo. Steve Gadd kwenye drams hana haraka ya kufika popote, na hapotezi pigo hata moja. Juu yao Grover anasema neno, ananyamaza, gita la Eric Gale linaitikia. Watu wanaongea pale, mkuu. Hoteli wanakupunguzia sauti mpaka mazungumzo yanapotea, unabaki na utamu peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Usitumie spika ya simu, besi yote inakufa humo. Mara ya kwanza fuata besi tu, mdomo wa bata uache upite. Mara ya pili sikiliza gita na kinanda cha Richard Tee, kile cha umeme chenye sauti kama kengele ndani ya maji. Baada ya hapo Grover utamsikia bila kumtafuta, na utashangaa anavyopuliza kidogo.

Just the Two of Us sikiliza ile ndefu ya kwenye albamu, inapita dakika 7. Ya redioni ni kama dakika 4. Kwenye ndefu kuna ngoma za bati za Trinidad, zile zinazotengenezwa kwa mapipa ya mafuta, anapiga Robert Greenidge. Mtayarishaji mwenza, Ralph MacDonald, naye ana asili ya Trinidad na ndiye mwenye midundo ya mkono humo ndani. Mtu aliyezoea tumba za bendi ya Msondo atamwelewa mara moja.

Wimbo wa pili, Let It Flow, ni zawadi kwa Julius Erving, Dr. J, aliyekuwa mchezaji wa kikapu wa Philadelphia 76ers, mji ambao Grover aliufanya kwao ingawa alizaliwa Buffalo. Wa tatu mimi sijawahi kuupenda, sukari imezidi. Ruka ukitaka. Nyimbo ni 6 tu, dakika 39 hivi zote. Foleni ya Mbagala jioni inaimaliza na kubaki.

Wa mwisho, Make Me a Memory, ndio uliokatwa kwenye kaseti yetu. Nilipoumaliza kwa mara ya kwanza pantoni lilikuwa linagusa gati, abiria wanasukumana kushuka, mimi nimesimama pale pale. Jumapili yake nikaenda Temeke, nikamwekea mzee masikioni. Alifumba macho. Tulipopita pale ambapo mkanda ulikuwa unaishia alinishika mkono, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Rudisha."