Mkuu, hiyo laki tatu ya kununulia unga wa protini irudishe mfukoni kwanza

Unaniuliza eti unga wa protini upi mzuri, wa maziwa au wa soya, na unywe saa ngapi, kwa sababu saa nane mchana unasinzia ofisini na siku hizi kila mtu anakukera. Na mtu wa jimu kakwambia ukate wanga wote. Ishia hapo hapo.

Huyo mtu wa jimu namjua. Kama siyo yeye basi ni pacha wake. Wangu hakuniuliza hata asubuhi nakula nini, akatamka tu kwamba ubongo wangu una njaa ya protini. Na kopo alikuwa nalo kabatini, utashangaa! Nikalipa. Ugali nikaacha, wali nikaacha, mpaka kiazi kwenye mchuzi nikawa nakisogeza pembeni ya sahani kwa kijiko, mke wangu ananitazama tu. Faida niliyopata ni kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu na hasira za bure. Niligombana na konda kwa shilingi mia. Mia! Watoto wakisikia nagonga geti wanajifanya wamelala. Nikimlalamikia jamaa, ananijibu mwili unatoa sumu, ongeza kijiko. Sumu alikuwa yeye.

Mtaalamu wa lishe ndiye alinifungua macho. Ubongo unatumia kama asilimia 20 ya nishati ya mwili, na chakula chake kikuu ni glukosi, yaani ile sukari inayotoka kwenye wanga. Halafu kuna triptofani, moja ya asidi amino, yaani vile vipande vinavyounda protini; ndiyo inayotengeneza serotonini, kemikali ya ubongo ya kutuliza moyo. Inatoka kwenye protini, sawa, ila kuingia kwenye ubongo inagombania mlango na asidi amino nyingine. Wanga ukiliwa, insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inazisukuma zile nyingine kwenye misuli, triptofani inapata upenyo. Mimi nilikuwa nimeacha wanga na kumwaga protini juu yake: mlango ukawa wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Wewe nakuhakikishia asubuhi unakunywa chai na maandazi, mchana unashusha mlima wa wali. Utaachaje kusinzia? Protini iingie ASUBUHI, ndani ya chakula cha kawaida. Hesabu ya mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani mwenye kilo 70 ni gramu 56 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Mayai mawili na maharage, chapati yako pembeni, karibu nusu umeshamaliza kabla hujapanda gari. Dagaa nao wapo, usiwadharau.

Ukiona bado unasinzia, kapime damu na sukari, usirudi jimu kutafuta daktari.

Na yule jamaa wangu nilikuja kumfuma alfajiri kibandani, anagonga supu ya utumbo na chapati mbili. Nilipomsalimia akafunika bakuli.