Hiyo gari italala wapi?

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimeupata, na baba yako nimemsomea. Unauliza uichukue au usiichukue ile gari ya rafiki yako anayehamia Oman, kwa kuwa bei ni nzuri na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Bei umenitajia, rangi umenieleza, mpaka redio umeisifia. Pa kulala hiyo gari hukupataja.

Nyumba ya bibi yako unamokaa, Mkunazini ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, naijua. Mbele ya mlango ule hupita mkokoteni, vespa na jeneza tu. Kwa hiyo utaiacha barabarani, upande wa Darajani au Mnazi Mmoja, na kila jioni utazunguka kutafuta nafasi mpaka adhana ya Isha ikukute bado umeshika usukani. Ati wenzako kazini wanakwambia utazoea. Waulize wao wanakaa wapi. Wa Kiembesamaki na Fuoni wana ua, wanafungua geti wanaingia.

Mji ule haukujengewa gari. Jumba la Beit al Ajaib lilijengwa 1883, kabla kisiwa hakijaiona gari hata moja, na majumba mengi yalikwishabanana hivyo hivyo. Upande wa Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari, watu wakivuka kwa daraja. Ndiyo maana pakaitwa Darajani. Maji yakafukiwa, ikapita barabara, na leo gari zote zisizoweza kuingia vichochoroni zinagombania ukingo huo. Usitaraji patanuliwa. Tangu 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, hapana atakayevunja nyumba ili wewe upate pa kuegesha.

Na ukipata nafasi usiku, asubuhi utakuta umezibiwa. Baba yako yalimfika. Gari ya mtu imelala mgongoni mwa yake, namba ya simu haikuachwa. Kauliza duka la kwanza, la pili, muuza kahawa ndiye aliyejua: mwenyewe kapanda boti ya alfajiri, kaenda Dar. Kazini hakwenda siku ile. Mzee yule unavyomjua mpole, nilimsikia akitoa maneno ambayo sikuwahi kuyasikia tangu anioe. Ramadhani ndiyo usiseme: baada ya futari watu wote wanateremka Forodhani, na wewe uliyerudi kazini umechoka huna pa kuingia. Siku za Iddi hali ni ileile.

Rafiki yako hatakwambia habari ya chumvi. Upepo wa bahari, uwe kusi au kaskazi, unakuja nayo, na gari inayolala nje karibu na pwani inaliwa kutokea chini. Juu inang'ara, chini ya mazulia bati limeoza. Dawa yake ni kuiosha chini kwa maji matamu mara kwa mara, na bibi yako maji ya kuogea tu anayapandisha kwa ndoo. Hata kama hunisikilizi kwa mengine, hili nisikilize: mwambie fundi ainyanyue kwa jeki, agongegonge chini kwa bisibisi, asikilize. Usimchukue fundi wa mwenye gari.

Halafu wako jamaa. Ukishaonekana na gari, ni ya ukoo. Mgonjwa wa usiku wa manane sikwambii ukatae, wala mazishi ya Mwanakwerekwe. Hayo ni ya wajibu na Mungu atakulipa. Nawasema wale wa "nipeleke mara moja tu" Nungwi, ambako ni mwendo wa saa nzima na zaidi, ukafika ukaambiwa umsubiri. Ya mafuta hayaulizi mtu. Shangazi zako nawajua, usinifanye niwataje.

Kwa hiyo usiichukue. Kazini kwako Shangani unafika kwa miguu, na ukitaka kwenda kumuona mdogo wako Bububu, daladala za 502 zipo. Siku ya safari ya shamba kodi gari, irudishe jioni, ulale. Utasema mbona sisi huku Chake, Pemba, tunayo. Yetu inalala uani chini ya mwembe, na hasara yake kubwa ni embe zikiiangukia bodi. Baba yako hata funguo haichomoi.

Mwambie rafiki yako leo, usimngojeshe mpaka Ijumaa, na yeye ana safari. Fedha zako usizitoe benki. Ukipata nyumba ya kukodi yenye ua, Fuoni au Mwera, nijulishe siku hiyohiyo. Fedha za karafuu za mwaka huu hazijaguswa, nitakuongezea. Na bibi yako mwambie dawa zake zinakuja na boti ya Jumamosi.

Mama yako